Kitabu cha kijani na wana wa mzee Hinrichsen

Mwanangu Aika,

Marahaba, mama. Sisi hatujambo, mvua imekuja ya kutosha, migomba imesimama vizuri. Picha yako nimeipata. Nimeivuta kwenye simu hadi mama yako akaniuliza natafuta nini kwenye ukuta wa watu. Nilikuwa natafuta namba. Umesema ni Talstraße 10, hapo Leipzig unapoishi, ulikuwa unatoka zako sokoni, ukaona jina lililoandikwa kwenye kitabu changu cha kijani, C. F. Peters, ukapiga. Kisha ukaniuliza kama huyo Peters ndiye aliyekuwa akiwapa wamisionari nota.

Ningeweza kukujibu "hapana" nikalala. Ila swali lako limenikuta nina jambo langu linanisumbua, ambalo wewe na kaka yako mnalijua vizuri, kwa hiyo utanivumilia. Keti chini na chai.

Unakumbuka vile vitabu viwili juu ya kinanda. Cha kijani, Bach, alikiacha mmisionari kwa mwalimu wangu, naye akaniachia mimi. Hilo halishangazi, Misheni ya Leipzig ilifika Uchagani mwaka 1893, na waliokuja walibeba vitabu vya mji wao. Nota zile zimeandikwa kwa kinanda chenye besi ya miguu, na chetu miguu ni ya kukanyaga upepo tu. Basi ile besi nilikuwa nampa marehemu mzee wa sauti ya nne, aimbe "mm" taratibu nyuma yangu, naye akisinzia katikati ya ibada na Bach anabaki bila sakafu. Kitabu cha pili nilipewa na mwalimu Mwingereza nilipokuwa kijana, vipande vya kinanda vya watunzi wa kwao, mfululizo unaoitwa Tallis to Wesley. Chini kimeandikwa Hinrichsen Edition, London. Kwa zaidi ya miaka 30 niliamini huyo Hinrichsen ni mfanyabiashara wa Kiingereza aliyemwiga Mjerumani Peters. Hata wanakwaya niliwaambia hivyo, kwa sauti ya mwalimu asiyeulizwa.

Kumbe ni nyumba moja. Kitabu cha London kilichapwa na mtoto aliyezaliwa katika familia ya kitabu cha kijani, na aliyefika London si kwa kupenda.

Peters mwenyewe tumalizane naye haraka. Duka hilo la kuchapa na kuuza nota lilianzishwa Leipzig mwaka 1800 na mabwana wawili, Hoffmeister na Kühnel, na mwaka uliofuata wakachapa simfonia ya kwanza ya Beethoven. Carl Friedrich Peters alilinunua mwaka 1814, akafariki 1827. Basi. Jina lake lilibaki mlangoni kwa sababu wateja walishalizoea, kama vile sisi tunavyosema "kwa Mhindi" hadi leo, na dukani yuko Mpare.

Aliyelifanya duka kuwa duka ni Myahudi mmoja, mwanasheria, Max Abraham, aliyeingia mwaka 1863. Siku hizo kazi ya mtunzi ililindwa hadi miaka 30 baada ya kufa kwake, na sheria za Ujerumani zilikuwa zimeweka tarehe: ifikapo 9 Novemba 1867, waliokufa kabla ya siku kama hiyo mwaka 1837 wote wanakuwa mali ya umma. Bach, Mozart, Beethoven, Schubert, kwa mkupuo. Abraham alijiandaa. Hapohapo Leipzig alikuwapo mchapaji, Röder, mwenye mashine ya kuchapa nota kwa kasi ambayo haikuwapo kabla. Abraham akaunganisha sheria na mashine, akatoa vitabu safi kwa bei ya kuweza kununuliwa na mwalimu wa shule. Jalada la kijani kwa zile kazi zilizokuwa za umma, la waridi kwa zile alizomiliki mwenyewe. Namba moja katika mfululizo ni Bach. Ndiyo maana mmisionari wa mshahara mdogo aliweza kuja na Bach mlimani.

Abraham hakuwa na mtoto. Alimwita mpwa wake kutoka Hamburg, Henri Hinrichsen, akaingia mwaka 1891 akiwa na miaka 23. Mjomba alipofariki mwaka 1900, nyumba yote ikawa ya Henri.

Sasa huyu Henri ndiye aliyeninyima usingizi.

Alioa, mkewe akiitwa Martha, wakapata watoto saba, wavulana watano na wasichana wawili, na Talstraße 10 ikawa ndiyo dunia yao. Grieg, yule mtunzi Mnorwe, alikuwa mtu wa nyumba hiyo. Akija Leipzig alipewa chumba humohumo. Mwaka 1904 Henri akanunua simfonia ya tano ya Mahler, watu wengi wakiwa bado hawajui wamweke wapi Mahler. Hadi hapo ni mfanyabiashara mwenye jicho. Lakini tazama alivyotoa. Maktaba ya muziki ambayo mjomba wake aliifungua mwaka 1894, humo humo ndani, yeyote aingie asome bure, Henri aliiendeleza. Mwaka 1911 mama mmoja mzee, Henriette Goldschmidt, alipotaka kuanzisha chuo cha juu cha wanawake, Henri ndiye aliyetoa fedha. Ujerumani nzima hakikuwapo chuo cha namna hiyo. Mwaka 1926 mkusanyiko mkubwa wa ala za muziki uliokuwa Köln ukawa unauzwa. Bei ilikuwa marki 800,000. Serikali ya Saksonia ikatoa 600,000, chuo kikuu hakina, Henri akatoa 200,000 kutoka mfukoni. Ala hizo zipo hapo mjini kwenu, jumba la Grassi. Nenda Jumapili. Kuna piano aliyoitengeneza Cristofori mwaka 1726, na huyo Cristofori ndiye aliyeivumbua piano. Duniani zimebaki tatu tu za mkono wake. Ukiiona, itazame kwa niaba yangu, usiiguse, wanapiga kelele.

Chuo kikuu kikampa udaktari wa heshima mwaka 1929. Watoto wakawa wakubwa. Mkubwa, Max, alizaliwa 1901. Walter alizaliwa Septemba 1907, mwezi uleule Grieg alipofariki. Hans-Joachim, aliyesomea sheria, alizaliwa 1909. Hawa watatu waliingia kwenye kampuni mwanzoni mwa miaka ya 1930, na nawaona wakipishana ngazini na rundo la nota mikononi, kila mmoja na meza yake, baba ana ya kwake. Mzee gani asingejiona amemaliza kazi?

Mwaka 1933 Hitler akashika serikali.

Sitakueleza mambo unayoyasoma mitaani huko kila siku. Nitakwambia tu jinsi ilivyowagawa wale ndugu. Walter aliondoka mwaka 1936, akaenda Marekani. Novemba ya mwaka huohuo, usiku wa tarehe 9 kuamkia 10, sanamu ya mtunzi Mendelssohn iliyosimama mbele ya ukumbi wa muziki wa mji, Gewandhaus, iling'olewa, kwa kosa la kuwa Mendelssohn alizaliwa Myahudi. Yule ambaye ndiye aliyewaanzishia chuo chao cha muziki! Max akaondoka mwaka 1937, akaenda London. Hans-Joachim akabaki na baba.

Na baba hakutaka kuondoka. Hapo nimesoma, nimefunga, nimerudi nikasoma tena. Alikuwa na wana nje wa kumpokea, na kichwani hakuwa mjinga. Ila fikiri unaamka asubuhi katika mji ambao wasichana wanasoma katika chuo chako, wanafunzi wanapiga ala ulizozilipia, wageni wanasoma bure maktaba yako, na karatasi ya udaktari ya chuo kikuu iko ukutani. Mimi nimefundisha kwaya usharika mmoja miaka 31. Mtu akiniambia watu hawa watanigeuka, nitamwambia kwanza akanywe maji.

Novemba 1938 ikaja, tarehe ileile ya 9, miaka 71 baada ya siku iliyoifanya nyumba ile kuwa tajiri. Usiku huo masinagogi ya Ujerumani yalichomwa. Kwa Henri hazikupita siku nyingi: akazuiwa kufanya kazi yake mwenyewe, kampuni ikawekwa chini ya mtu wa Wanazi, kisha ikauzwa kwa lazima mwaka 1939, na fedha za mauzo hakuzishika. Mwanzoni mwa 1940 yeye na Martha wakafika Brussels, wakitumaini kuvuka kwenda kwa watoto. Miezi michache baadaye Wajerumani wakaivamia Ubelgiji, wakawakuta.

Martha alikuwa na kisukari. Alinyimwa insulini kwa kuwa ni Myahudi, akafariki hapo Brussels Oktoba 1941. Nilipofika hapo nilinyanyuka nikaenda kufungua friji. Ile boksi ya mama yako ipo mlangoni, pembeni ya mayai, imebaki nusu. Nikafunga. Mama yako akauliza natafuta chakula usiku huu? Nikasema ndiyo.

Hans-Joachim alifia kusini mwa Ufaransa, Perpignan, mwaka 1940, akiwa na miaka 31, kwa homa ya matumbo aliyoipata alikozuiliwa. Paul, mdogo wao, aliuawa Auschwitz. Na Henri alichukuliwa Brussels, akapelekwa Auschwitz, akauawa tarehe 17 Septemba 1942. Alikuwa na miaka 74. Wa rika langu kabisa, ukiongeza mitano.

Muda wote huo vitabu vya kijani viliendelea kutoka. Hapa ndipo nilipoelewa ubaya wa jina. Kwa kuwa mlangoni pameandikwa Peters, jina la Mjerumani aliyekufa zamani, wanyang'anyi hawakuwa na haja ya kubadilisha hata herufi. Abraham hakuandika jina lake, Henri hakuandika lake, miaka 70 ya kazi ya Wayahudi ikawa imevaa koti la mtu mwingine, na koti likachukuliwa likiwa na vifungo vyote. Nimekigeuza kitabu changu nikitafuta mwaka wa kuchapwa. Hakuna. Sijui kama nilimpigia Mungu kwa karatasi ya Henri au ya waliomfukuza.

Sasa rudi kwa wale wawili walioondoka mapema.

Max, London, alianzisha duka mwaka 1938 na safari hii akaweka jina la baba: Hinrichsen Edition. Vita vilipoanza, wengi waliokimbia Ujerumani walihesabiwa kuwa wageni wa nchi adui, hivyo haikuwa rahisi kuuza muziki kwa lafudhi ya Leipzig. Alikwenda taratibu. Alitoa kitabu cha mwaka cha mambo ya muziki kuanzia 1944, akachapa sana muziki wa kinanda, wa Waingereza wenyewe. Ndio ule wangu, Tallis to Wesley. Fikiri: mtoto aliyekulia ghorofani na Grieg anawarudishia Waingereza watunzi wao waliowasahau.

Walter alijiunga na jeshi la Marekani. Mwezi Aprili 1945 Wamarekani waliingia Leipzig, mji wa wachapaji ukiwa umeteketea tangu mabomu ya tarehe 4 Desemba 1943. Na Walter akarudi mjini kwao akiwa na magwanda ya Kimarekani, ofisa wa mambo ya muziki. Nimejaribu kumwona akikunja kona ya Talstraße. Aliondoka kama mtoto wa tajiri anayefukuzwa, anarudi na serikali nyuma yake, na wa kumfungulia mlango si baba. Alidai mali, na familia ikarudishiwa. Lakini Wakubwa walikuwa wameshagawana ramani: mwanzoni mwa Julai Wamarekani waliondoka Leipzig, wakaingia Warusi. Baada ya miaka michache kampuni ikataifishwa, neno ambalo wazee wa huku hawahitaji kuelezwa. Nyumba moja, ikachukuliwa mara mbili ndani ya miaka kumi na ushee, kwanza na wale, kisha na wale waliowapiga wale.

Walter akaanza upya New York mwaka 1948, C. F. Peters Corporation. Mwaka 1950 jina likafunguliwa na Frankfurt. Kwa hiyo hesabu: Peters wa serikali Leipzig, Peters wa Frankfurt, Peters wa New York, na Hinrichsen wa London, wote wakichapa kutoka chungu kimoja. Wateja walichanganyikiwa, mimi nikiwa mmoja wao.

Walter alinifurahisha kwa jambo moja. Mwaka 1960 John Cage, mtunzi Mmarekani ambaye wachapishaji walikuwa wakimkwepa, alimpigia simu. Cage mwenyewe alisimulia kuwa Walter alifurahi, akamwambia Cage kwamba mke wake yeye Walter siku zote alikuwa akitaka wachape kazi za Cage. Mke huyo ni Evelyn. Miongoni mwa kazi hizo kuna ile ambayo mpigaji anaketi mbele ya piano dakika 4 na sekunde 33 bila kupiga chochote. Mtoto wa Henri Hinrichsen akaichapa na kuiuza! Nilicheka hadi kikohozi kikanishika. Kisha nikafikiri: baba yake alimchukua Mahler watu wakiguna. Damu haikupotea. (Usije ukapendekeza wimbo huo kwa kwaya yetu, ingawa wapo waimbaji wa sauti ya tatu ambao wangeuimba vizuri.)

Max alifariki mwaka 1965, Walter 1969. Kote kuwili wajane ndio walioshika usukani, Carla London, Evelyn New York. Akina mama hao wanastahili barua yao wenyewe, siku nyingine. Vipande vikaungana tena mwaka 2010, na 2014 ofisi kuu ikarudi palepale ulipopiga picha. Mwaka 2023 wakanunuliwa na kampuni nyingine ya London, Wise Music. Mji wenyewe una mtaa unaoitwa Hinrichsenstraße, tramu inakufikisha karibu.

Kwa hiyo jibu la swali lako: si Peters. Ukipita tena, usiwaonyeshe rafiki zako hilo jina la mlangoni. Waambie Max, Walter, Hans-Joachim.

Sasa lile jambo langu. Kaka yako anataka tuhamie Dar, kwake, kwa sababu ya hospitali ya mama yako. Wewe unamuunga mkono, najua mnazungumza usiku mkidhani sijui. Nimekuwa nikiwajibu kwa migomba, kwa kaburi la babu yenu, kwa kwaya. Sijilinganishi na mzee Henri, Mungu anisamehe, huku hakuna anayetufukuza na jirani zetu ni watu wema. Dar si Brussels. Lakini sababu zangu nilipozipanga mezani zilifanana na za kwake moja baada ya nyingine, na hilo sikulipenda.

Mama yako bado sijamwambia. Wiki hii nimefunga vitabu vya nota kwenye boksi mbili za sabuni, cha kijani nimekiacha nje kwa ajili ya Jumapili. Kuna kurasa mbili za mwisho zimeliwa na mchwa, tangu namba 58. Ukipita duka la nota huko uliza bei ya kipya, uulize tu, usinunue kwanza. Kaka yako akipanda na gari Desemba kama kawaida, boksi zitaingia nyuma. Kinanda nimekipima kwa kamba. Hakiingii, hata tukitoa viti.

Wako akupendaye,
Baba